Kioo au kauri? Kwa anayetaka kusomea ufungaji wa taka za nyuklia

Kashata ni kioo. Sisemi kwa mafumbo. Sukari iliyo koponi ni fuwele: ndani ya kila punje molekuli zimejipanga safu kwa safu kama wanafunzi mstarini. Iyeyushe sufuriani, imwage kwenye sinia ipoe upesi, na zile safu hazipati tena muda wa kujipanga. Unabaki na kitu kigumu, king'avu, kinachovunjika kwa mlio. Wataalamu wa vifaa wanakiita kioo, jina lile lile la kioo cha dirisha, kwa kuwa tabia ni moja: kigumu kwa nje, ndani hakina mpangilio.

Ndivyo nilivyoanza kumjibu mpwa wangu, barazani kwetu Ngamiani, Tanga, katikati yetu dele la kahawa na kisahani cha kashata za njugu. Amemaliza digrii ya kemia, na simuni alikuwa na barua pepe mbili kutoka vyuo viwili vya nje. Kimoja kinamtaka kwa shahada ya uzamili katika kundi linalochunguza kioo cha kufungia taka za nyuklia. Kingine kina kundi la kauri, yaani vitu vigumu vya kuokwa, jamii ya vigae na vikombe, kwa kazi ile ile ya kufungia taka. Vyote vinataka jibu kabla mwezi haujaisha.

"Mjomba, ungekuwa wewe ungechagua lipi?"

Nimefundisha kemia sekondari miaka mingi, na mjadala huu wa kioo na kauri nimeufuata tangu nikiwa mwanafunzi, kama wengine wanavyofuata Simba na Yanga. Nilimjibu kwa jioni mbili na safari moja ya daladala. Nayaandika hapa kwa ajili ya wengine walio njia panda kama yeye.

Kwanza, kinachofungwa ni nini

Mafuta ya kinu cha nyuklia yakishatumika, nchi nyingine huyazika yalivyo. Nyingine, kama Ufaransa, huyayeyusha kwenye asidi ya naitriki ili zipate tena urani na plutoniamu. Kinachobaki ni maji ya asidi yenye joto lake lenyewe, ndani yake kuna sesiamu, strontiamu na elementi nyingine nyingi, nyingine zenye mionzi mikali. Kwa ujazo, taka kali za namna hii ni kama asilimia 3 tu ya taka zote za nyuklia, lakini zinabeba kama asilimia 95 ya mionzi yote.

Na maji huvuja. Kule Hanford, jimbo la Washington, Marekani, kuna matangi 177 chini ya ardhi yaliyoachwa na utengenezaji wa mabomu, na baadhi yameshavuja. Kwa hiyo swali la kwanza la fani nzima ni hili: utayageuzaje maji hayo kuwa jiwe, na jiwe la namna gani?

Upande wa kioo

Jibu la kioo ni jibu la mpishi. Chukua maji ya taka, yakaushe yawe unga, changanya na vipande vya kioo chenye boroni, yeyusha kwenye joto la nyuzi kama 1,100 za Selsiasi, mimina ndani ya mtungi wa chuma cha pua, funika, lehemu. Mtungi wa Kifaransa una kimo cha mita 1.34 na kilo kama 400 za kioo ndani. Wa Savannah River, Marekani, unafika mita 3.

Hapa mpwa wangu alichukua kipande cha kashata akasema, "Kwa hiyo taka ndizo njugu." Nikamwambia hapana, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Taka hazikai ndani ya kioo kama njugu ndani ya sukari. Zinayeyukia humo humo, kama rangi uliyotia sukari ikiwa bado inachemka; kila atomu ya sesiamu inakuwa sehemu ya kioo chenyewe. Njugu ndizo mtu wa kioo anazoziogopa. Molibideni ikizidi, kwa mfano, hujitenga na kufanya chumvi ya manjano inayomumunyuka kirahisi kwenye maji, na ikijitenga huondoka na sesiamu. Nusu ya utafiti wa kioo ni kuhakikisha njugu hazitokei.

Boroni nayo inaeleweka vibaya. Tunaijua kutoka maabara za shule: bika ya borosiliketi inavumilia moto, ya kioo cha kawaida inapasuka. (Katika shule moja niliyofundisha tulinunuliwa bika za bei rahisi, zikapasuka tano katika kipindi kimoja, na mwenye kuulizwa nikawa mimi.) Lakini kwenye taka za nyuklia haitakiwi hasa kwa sababu hiyo. Inatakiwa kwa kuwa inashusha joto la kuyeyushia, na kwa kuwa kioo chake kina tumbo kubwa: kinapokea elementi za kila aina bila kuchagua sana.

Upande wa kauri

Kauri ni bao. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32, na kete hukaa mashimoni. Sasa fikiria bao ambalo mashimo yake hayalingani, mengine mapana, mengine membamba, na kila aina ya kete inaingia tu pale inapoenea. Hivyo ndivyo fuwele ilivyo. Atomu ya sesiamu ni nene, inataka shimo kubwa. Plutoniamu ni nyembamba kuliko hiyo na ina chaji kubwa zaidi, inataka shimo la namna nyingine.

Aliyelifanya wazo hili lisikike duniani ni Ted Ringwood wa Australia. Hakuwa mtu wa nyuklia kabisa. Alikuwa mwanajiolojia aliyechunguza miamba ya kina kirefu cha dunia, na kuna madini yanayoitwa ringwoodite kwa heshima yake. Mwaka 1978, akiwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alikuja na swali la kijiolojia: ni mawe gani ambayo tayari yameshika urani na thoriamu kwa mamilioni ya miaka bila kuziachia? Kama yapo, tuyatengeneze. Akaiita kauri yake Synroc, yaani mwamba wa kutengenezwa.

Ndani yake kuna madini manne ya titaniamu yaliyoshikana. Holandaiti ina mifereji inayoenea sesiamu. Zirkonolaiti inachukua urani, plutoniamu na jamaa zao. Peroviskaiti inachukua strontiamu. Rutaili inajaza pengo na kuwashikilia wenzake. Hakiyeyushwi chochote: unga hukandamizwa ukiwa kwenye joto la nyuzi kama 1,200 mpaka punje zishikane kabisa. Siku hizi njia inayopendwa ni kuutia unga ndani ya kopo la chuma, kulifunga, kisha kulitia kwenye chombo cha gesi ya agoni yenye joto na mgandamizo wa kama mara elfu moja ya hewa tunayovuta. Kopo linasinyaa kila upande kwa pamoja. Uzuri wake ni kwamba limefungwa tangu mwanzo, kwa hiyo sesiamu, ambayo kwenye tanuri la kioo hupenda kuruka na mvuke, haina pa kwenda.

Iodini ni mgeni wa namna yake. Kote kuwili hutaabisha, kwa kuwa huruka mapema hata kabla ya kufika tanurini. Waja leo waondoka leo, kama tunavyosema Tanga. Ina utafiti wake peke yake, na sitauingia.

Mionzi inafanya nini ndani ya jiwe

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, na hapa tulikaa mpaka muadhini wa isha.

Atomu ya plutoniamu inapovunjika, inatupa chembe ya alfa upande mmoja, na yenyewe, ikiwa sasa imegeuka urani, inarudi nyuma upande wa pili, kama gobore linavyomsukuma bega aliyelipiga. Ile chembe ya alfa inakwenda mbali kidogo na kuharibu kidogo. Kile kiini kinachorudi nyuma hakiendi mbali hata kidogo, lakini kinabomoa kila kilicho njiani. Ni mtu amelipiga bao teke: kete zimeruka, mashimo yamechanganyika. Ukirudia mara nyingi za kutosha, fuwele inapoteza safu zake zote, inaumuka, na inafanana na kioo. Wanajiolojia waliyaona mawe ya namna hii kwenye maumbile muda mrefu kabla ya vinu vya nyuklia.

Kioo je? Kioo kilikuwa hakina safu tangu mwanzo. Aliyelala mkekani haanguki kitandani. Watetezi wa kioo hoja yao hii wanaipenda mno, na si ya kudharau.

Mtu aliyefanya mawe yaliyovunjwavunjwa na mionzi kuwa kazi ya maisha yake ni Rodney Ewing, Mmarekani, aliyefariki mwaka 2024 akiwa profesa wa Stanford. Kabla ya hapo alikuwa mwanajeshi Vietnam. Alianza na madini yaliyoharibiwa na urani yake yenyewe, jambo ambalo wakati huo lilionekana la wakusanya mawe tu, kisha likawa swali la serikali nzima: jiwe litakalofungia plutoniamu litakuwaje baada ya miaka elfu, elfu kumi, laki moja? Naye ana madini yenye jina lake, ewingite, yaliyotangazwa mwaka 2017, madini ya urani yenye muundo tata kuliko madini yote yaliyokuwa yakijulikana. Ringwood na Ewing wote wawili wamegeuka mawe. Mpwa wangu alicheka sana hapo.

Sasa, sikiliza pande mbili. Mwaka 2007, Ian Farnan wa Cambridge na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya zirkoni, madini ya zirkoniamu na silika, iliyotiwa plutoniamu. Kabla yao makadirio yalikuwa kwamba kila atomu inayovunjika inazing'oa jirani zake 1,000 hadi 2,000. Wao walihesabu kama 5,000. Kwa hesabu hiyo, zirkoni yenye plutoniamu nyingi ingepoteza safu zake zote katika miaka kama 1,400 hivi. Plutoniamu-239 hupungua nusu yake kila miaka 24,100. Piga mara kumi, ili ibaki chini ya sehemu moja kwa elfu, unafika miaka 241,000. Kwa hiyo bao lingekuwa limeshavurugika wakati mchezo ndiyo kwanza unaanza. Waliosoma vichwa vya habari tu walisema kauri imekufa.

Haikufa. Kwanza, zirkoni ni kauri moja kati ya nyingi. Miaka ya mwisho ya tisini Ewing na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba katika kundi la fuwele liitwalo pairokloa, ukiondoa titaniamu na kuweka zirkoniamu, jiwe linabadilika tabia kabisa: la titaniamu linavurugika upesi, la zirkoniamu linapigwa na kupigwa na bado ni fuwele. Kete zikiruka zinarudi zenyewe mashimoni, kwa kuwa katika fuwele hiyo mashimo yanakaribiana sana kwa umbo na atomu zinaweza kubadilishana viti bila gharama kubwa. Kwangu mimi hilo ni moja ya mambo mazuri kabisa yaliyowahi kutoka katika elimu ya vifaa.

Pili, na hili ndilo watu wanalisahau: kuvurugika si kuvuja. Kuna zirkonolaiti za asili zilizopoteza safu zao mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na urani na thoriamu bado wamo. Zirkoni hiyo hiyo iliyohukumiwa miaka 1,400 ndiyo jiwe ambalo wanajiolojia wanapimia umri wa miamba. Punje za Jack Hills, Australia, zinafika miaka bilioni 4.4, na umri huo unapimika kwa sababu zirkoni imeitunza urani yake pamoja na risasi iliyotokana nayo. Swali la kweli kwa mtafiti wa leo ni hili: jiwe likishavurugika, maji yakilifikia, litatoa nini na kwa kasi gani? Hilo halijaisha. Ndiyo maana kuna nafasi za uzamili.

Maji

Acha kashata wazi wakati wa masika uone. Asubuhi inanata. Kioo cha nyuklia si sukari, lakini adui ni yule yule. Maji yakikifikia, mwanzoni kinaliwa kwa kasi, kisha juu yake kunafanyika utando wa ute wa silika, na kasi inapungua maelfu ya mara. Je, utando ule unadumu? Wafaransa walitafuta jibu baharini: vipande vya kioo vya Kirumi kutoka merikebu iliyozama karibu na visiwa vya Embiez, kusini mwa Ufaransa, vilivyokaa majini miaka 1,800. Vilikuwa vimeliwa kwenye nyufa na ngozi ya juu, ndani bado ni kioo.

Kauri ya titaniamu, kwa elementi nyingi, inaachia kidogo zaidi kuliko kioo, mara kumi mpaka mara elfu na zaidi kutegemea elementi na joto la maji. Hapa kauri inashinda bila ubishi. Mnyonge wake ni peroviskaiti, ambayo ndiyo huanza kuliwa.

Basi kwa nini viwanda ni vya kioo?

Kioo kilishinda kwa upishi, si kwa ugumu wake. Ufaransa ilikuwa inamimina kioo Marcoule tangu 1978, mwaka ule ule Ringwood alipokuja na Synroc yake. Marekani ilikichagua kioo kwa Savannah River mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kiwanda kikaanza kazi 1996. Ringwood alipinga, akaandika, akabishana, na alifariki 1993 bila kuona kauri yake ikitumika kwa taka kali popote.

Nikiwa mkweli, waliochagua kioo hawakuwa wajinga. Fikiria kazi yenyewe: hakuna mtu anayeweza kuingia chumba kile, kila kitu kinafanywa kwa mikono ya mashine nyuma ya kioo kinene cha kuzuia mionzi. Kioo kinamiminika kama uji. Taka za leo zikizidi chuma kidogo na za kesho zikipungua sodiamu, kioo kinameza. Kauri inadai unga laini, uliochanganywa sawasawa, kwa vipimo, na unga ni vumbi, na vumbi la plutoniamu si la kuchezea. Wala kioo nacho si lelemama: kiwanda cha Hanford kilianza kujengwa 2002, na taka halisi zilianza kuwa kioo mwaka 2025.

Lakini plutoniamu tupu ni habari nyingine. Kioo hakiipokei nyingi, wakati zirkonolaiti na pairokloa wanaikalisha kitini. Miaka ya tisini Marekani ilipanga kufunga plutoniamu ya ziada ya mabomu ndani ya kauri, vidonge vyake vitiwe makopo madogo, makopo yapangwe ndani ya mtungi mkubwa, na mtungi ujazwe kioo chenye taka kali ili mwizi asithubutu kusogea. Kauri ndani, kioo nje. Mpango ulifutwa 2002. Januari 2025 Uingereza, yenye karibu tani 140 za plutoniamu ya kiraia huko Sellafield, ilitangaza kwamba itaifunga na kuizika badala ya kuitumia tena kama mafuta, na njia zilizo mezani ni za kauri. Kwa kijana anayetafuta kazi ya miaka thelathini ijayo, tangazo lile lina uzito kuliko hoja zangu zote za hapo juu. Na Australia, huko Lucas Heights, wamekuwa wakijenga kiwanda cha Synroc kwa maji ya taka yanayotokana na kutengeneza dawa za picha za hospitali.

Finland hawakuchagua chochote kati ya hivi viwili. Mafuta yao yaliyotumika yamepangiwa kuingia kwenye mtungi wa shaba na udongo wa mfinyanzi pembeni, zaidi ya mita 400 chini ya mwamba. Ila mafuta yenyewe ni vidonge vya oksidi ya urani vilivyookwa, yaani ni kauri tayari. Na Oklo, Gabon, urani ya asili ilijiwasha yenyewe kama kinu karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Plutoniamu iliyozaliwa humo ilioza pale pale ilipozaliwa. Hakuna aliyeizika.

Tongoni

Jumamosi tulipanda daladala ya njia ya Pangani tukashuka Tongoni, kilomita zisizofika 20. Makaburi ya huko ni ya karne ya 14 na 15, yenye nguzo za matumbawe na chokaa. Waliozijenga walipachika kwenye nguzo mabakuli ya China. Kaole, Bagamoyo, kuna makaburi ya namna hiyo hiyo.

Nilitaka aone kitu kimoja. Nguzo nyingi zimeanguka. Mabakuli hayapo, yamebaki mashimo ya mviringo kwenye chokaa. Lakini si upepo wa bahari uliyoyala. Vigae vya mabakuli kama yale vinaokotwa pwani nzima, na ukivisugua vumbi vinang'aa kama vya juzi. Yaling'olewa na watu. Kauri ilidumu kuliko nguzo iliyolishikilia na kuliko heshima ya waliokuja baadaye. Mtu anayepanga kuzika plutoniamu kwa miaka laki mbili ana haja ya kusimama pale nusu saa, awe wa kioo au wa kauri.

Kisha mpwa wangu akaokota kigae kidogo, akakigeuza (alikirudisha pale pale, kuokota na kuondoka navyo hairuhusiwi), akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Mjomba, hiki ni vyote viwili." Kweli. Mwili ni kauri, ngozi ile ya kijani inayong'aa ni kioo. Wapo watafiti wanaofanya hivyo makusudi: fuwele za zirkonolaiti zinazoelea ndani ya kioo, fuwele zibebe plutoniamu na kioo kimeze uchafu mwingine. Kama makundi yote mawili yangempa mada hiyo, asingekuwa na cha kuchagua.

Na nyumbani?

Nilimwambia asijidanganye. Taka za mionzi tulizo nazo Tanzania ni vyanzo vilivyochakaa vya hospitali na viwanda, na Tume ya Nguvu za Atomiki ina ghala lake Arusha. Nyingi ya hizo hazihitaji kioo wala kauri. Zinahitaji pipa, saruji, ulinzi na daftari. Sesiamu-137 hupungua nusu kila miaka 30; baada ya miaka 300 imebaki sehemu moja kwa elfu. Saruji nzuri, na hapa Pongwe tunaipika, inatosha. Urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, ikichimbwa kwa wingi italeta tope la mgodi, na tope halitiwi ndani ya kioo, ni mengi mno.

Ila ujuzi unarudi nyumbani hata kama taka hazirudi. Kusini mwa Tanga, eneo la Tajiri, kuna mchanga mzito uliopimwa wenye ilimenaiti, rutaili na zirkoni, yaani titaniamu na zirkoniamu, malighafi zile zile za Synroc. Jirani zetu wa Kwale, Kenya, walichimba mchanga wa namna hiyo hadi mwishoni mwa 2024 na kuusafirisha kama mchanga. Anayejua kauri anaweza kuufanyia kitu. Anayejua kioo naye ana mchanga wa silika. Hapa naona kauri inatangulia kidogo, lakini mimi ni Mtanga, napendelea mchanga wetu.

Nani achague nini

Kama unapenda tanuri, mnato wa vimiminika, mizani ya viwanda, na unataka kumaliza shahada ukiwa na mahali pa kwenda Ufaransa, Uingereza au Marekani ambako mitungi inamiminwa leo, chukua kioo. Maswali yake ni ya kurekebisha kitu kinachofanya kazi, na kuna heshima katika hilo. Kama unapenda fuwele, eksirei, hesabu za nani akae wapi, na unavumilia kufanya kazi ambayo kiwanda chake huenda kikajengwa ukiwa na mvi, chukua kauri. Mpwa wangu tangu mdogo ni mtu wa bao. Nilimwambia kauri, sikumficha.

Lakini nilimpa sharti. Watafiti wengi wa kauri hawagusi plutoniamu. Wanaweka seriamu badala yake, kwa kuwa zinafanana umbo, na mionzi wanaiigiza kwa kuipiga sampuli na ioni za kriptoni kutoka kwenye mashine. Inafaa, ila seriamu si plutoniamu, na pigo la mashine kwa saa moja si pigo la miaka elfu. Maabara chache zina ruhusa ya kutumia plutoniamu-238, ambayo hupungua nusu kwa miaka 87.7 na hivyo huharibu jiwe mara 275 upesi kuliko ile ya 239. Miaka yako miwili ya masomo inageuka karne kadhaa. Kabla hujatia sahihi, uliza: tutafanya na ipi? Na kwa wa kioo, uliza: sampuli yenu ya zamani kuliko zote imekaa majini miaka mingapi?

Alituma maswali yote mawili usiku ule, kila mmoja kwa mwenyewe. Wa kauri alijibu kesho yake: mwaka wa kwanza seriamu, wa pili plutoniamu yenyewe, ukifaulu mafunzo ya usalama. Wa kioo alijibu baada ya siku tatu, kwa mstari mmoja na picha ya chupa yenye vumbi juu ya rafu, imeandikwa tarehe ya kabla mpwa wangu hajazaliwa. Picha ile imemtia wasiwasi upya, na dele liko motoni tena.